Namna ya kuisoma biashara ya kimataifa (upande wa mikro) chuoni bila kula sapu (kurudia mtihani)

Hii nawaandikia nyie mnaoingia mwaka wa pili au wa tatu wa uchumi, mmeshaona kwenye ratiba kuna kozi ya biashara ya kimataifa, na waliotangulia wanawaambia hiyo ni kozi ya stori, unapiga madesa usiku wa kuamkia UE (mtihani wa mwisho wa semista) unaandika kurasa nne unatoka na B yako. Aliyekwambia hivyo alipata lecha mpole. Kozi hii ni mikro tupu, ileile ya mwaka wa kwanza ya mlaji na mzalishaji, ila safari hii kuna bidhaa mbili na nchi mbili, na mwenye mikro ya kubabaisha anajulikana wiki ya tatu tu.

Kwanza jua uko upande gani. Biashara ya kimataifa inakatwa vipande viwili, upande wa mikro unauliza nani anauza nini kwa nani, kwanini, nani anafaidika nani anaumia, na serikali ikiweka ushuru nini kinatokea. Upande wa makro ndio wa thamani ya shilingi, urari wa malipo, riba na mambo ya benki kuu. Vyuo vingine wanazibana zote kwenye semista moja, vingine zinakuwa kozi mbili. Ukiwa upande wa mikro, weka kichwani kwamba hela haipo. Mtu anaulizwa swali la Ricardo, yule mwanauchumi Mwingereza, anaandika "shilingi ikishuka thamani mauzo ya nje yataongezeka", hapo hamna maksi hata moja maana kwenye modeli yenyewe hamna shilingi. Bei pekee iliyopo ni ya kitu kimoja ukikipima kwa kitu kingine, yaani mita ngapi za kitambaa kwa pipa moja la mvinyo.

Kabla semista haijachanganya rudia vitu vinne tu: gharama ya fursa (unachokikosa ukichagua kingine), PPF (kevu ya mwisho wa uwezo wa nchi kuzalisha bidhaa mbili) pamoja na maana ya mteremko wake, kevu ya indiferensi (michanganyiko inayomridhisha mlaji sawasawa) inavyogusana na mstari wa bajeti, na ziada ya mlaji na ya mzalishaji (faida anayoipata kila mmoja kwa bei ya soko) pamoja na kupiga eneo la pembetatu na la trapeza. Ndio, trapeza ya fomu two. Nusu ya maswali ya sera za biashara ni trapeza na watu wanazikosa.

Sasa Ricardo. Huyu mwaka 1817 aliweka namba nne na hizo namba nne zimewatesa watu mpaka leo. Uingereza kutengeneza kiasi fulani cha kitambaa inahitaji watu 100 kwa mwaka, na mvinyo watu 120. Ureno kitambaa watu 90, mvinyo 80. Ureno iko vizuri kwenye vyote viwili, na swali linakuja, sasa anunue nini kwa Mwingereza?

Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kulinganisha nchi kwa nchi moja kwa moja, 90 na 100, 80 na 120, wanaishia kusema Ureno iuze vyote. Usivuke mpaka kwanza. Baki ndani ya nchi moja ugawanye. Uingereza kitambaa kimoja kinaigharimu 100 kwa 120, yaani 0.83 ya mvinyo. Ureno kitambaa kimoja kinaigharimu 90 kwa 80, yaani 1.125 ya mvinyo. Sasa ndio uvuke mpaka ulinganishe: kitambaa ni rahisi Uingereza, kwa hiyo Uingereza inauza kitambaa na Ureno mvinyo, na bei ya dunia itakaa mahali katikati ya 0.83 na 1.125. Tuseme imekaa kwenye 1, kitambaa kimoja kwa mvinyo mmoja. Mwingereza anapata mvinyo kwa jasho la watu 100 badala ya 120, Mreno anapata kitambaa kwa watu 80 badala ya 90. Wote wamepona. Hapo ndipo wengi wanaweka kalamu chini, na hapohapo ndipo maksi za ziada zilipo, kwasababu lecha mzuri atakuuliza: kama Ureno wanajua kila kitu kuliko Uingereza, mfanyabiashara wa Ureno anayetafuta faida yake tu anajuaje kwamba anunue kitambaa cha nje?

Jibu ni mishahara. Ili kitambaa cha Uingereza kiwe cha bei nafuu sokoni, mshahara wa Uingereza mara 100 lazima uwe chini ya mshahara wa Ureno mara 90, yaani mshahara wa Uingereza usizidi 0.9 ya ule wa Ureno. Na ili mvinyo wa Ureno uwe nafuu, mshahara wa Ureno mara 80 uwe chini ya wa Uingereza mara 120, yaani wa Uingereza usishuke chini ya 0.67 ya wa Ureno. Basi mshahara wa Mwingereza unakaa kati ya theluthi mbili na 0.9 ya mshahara wa Mreno. Mreno analipwa zaidi kwasababu ana uwezo zaidi, na mshahara huohuo mkubwa ndio unaofanya kitambaa chake kiwe ghali. Ukiweza kuandika hii aya kwa namba zozote atakazokupa lecha, topiki ya Ricardo umeimaliza, hata ile hoja ya mtaani kwamba nchi yenye viwanda dhaifu haiwezi kuuza chochote nje utaweza kuijibu kwa hesabu badala ya kubishana.

Ukitoka hapo unaingia Heckscher na Ohlin, Waswidi wawili, mmoja aliandika 1919 mwingine 1933. Hapa tofauti ya nchi haitokani na teknolojia tena, inatokana na nani ana nguvukazi nyingi nani ana mtaji mwingi. Wazo lenyewe linaeleweka kwa dakika tano. Shida ni zile teoremu mbili zinazofuata, Stolper na Samuelson ya 1941 na ya Rybczynski ya 1955, ambazo watu wanazikariri kama aya za dini bila kuzikokotoa. Mimi nakushauri usisome hata sentensi moja ya maelezo kabla hujafanya hesabu hii kwa mkono, chukua karatasi kabisa.

Kuna nguo na chuma. Nguo moja inakula nguvukazi 2 na mtaji 1. Chuma kimoja kinakula nguvukazi 1 na mtaji 2. Ushindani ni kamili, hamna faida ya ziada, kwa hiyo bei ya kila bidhaa ni sawa na gharama yake: bei ya nguo = 2w + r, bei ya chuma = w + 2r, ambapo w ni mshahara na r ni malipo ya mtaji. Anza bei zote zikiwa 3. Ukitatua unapata w = 1 na r = 1. Sasa bei ya nguo ipande mpaka 3.6, yaani imepanda 20%, chuma kibaki 3. Tatua tena: w = 1.4, r = 0.8. Angalia hapo vizuri. Bei imepanda 20% lakini mshahara umepanda 40%, na mwenye mtaji amepoteza 20%. Hiyo ndio Stolper na Samuelson yote, na hilo neno la kukuzwa ambalo lecha analirudiarudia darasani ndio hilo, mshahara unapanda kwa asilimia kubwa kuliko bei, kwa hiyo mfanyakazi amefaidika kweli hata kama mshahara wake wote anaumalizia kwenye nguo zilizopanda bei.

Usifute karatasi. Geuza hizohizo namba upande wa wingi. Nguvukazi yote ya nchi = 2 mara nguo + chuma, mtaji wote = nguo + 2 mara chuma. Nchi ina nguvukazi 90 na mtaji 90, ukitatua inatoa nguo 30 na chuma 30. Sasa watu waongezeke, nguvukazi iwe 108, ongezeko la 20%, mtaji ubaki 90. Nguo zinakuwa 42, chuma 24. Yaani nguo zimepanda 40% na chuma kimeshuka 20%. Umeona? Asilimia zilezile kabisa, 20, 40, na kushuka 20, maana jedwali ni moja umelisoma kwa safu badala ya kwa mistari. Hiyo ndio Rybczynski. Mtu aliyefanya hesabu hizi mbili kwa mkono hawezi kuchanganya teoremu ipi inahusu bei na ipi inahusu wingi, na aliyekariri lazima achanganye akiwa kwenye chumba cha mtihani, saa mbili na nusu asubuhi, msimamizi anapita nyuma yake.

Swali la mtego hapa: kwanini chuma kishuke wakati mtaji haujapungua? Kwasababu bei za bidhaa hazijabadilika, kwa hiyo mshahara na malipo ya mtaji hayajabadilika, kwa hiyo kila kiwanda kinachanganya watu na mashine kwa uwiano uleule, na ili wale watu wapya wapate kazi inabidi nguo ziongezeke, nguo zinahitaji na mtaji pia, mtaji utatoka wapi kama sio kwenye chuma. Andika hivohivo.

Leontief, mwanauchumi aliyeipima hoja ya Heckscher na Ohlin kwa takwimu, utamkuta hapo mwishoni mwa topiki, 1953, alichukua takwimu za Marekani za 1947 akategemea kukuta wanauza nje vitu vya mtaji mwingi akakuta kinyume chake. Jua majibu mawili matatu yaliyotolewa (ujuzi wa wafanyakazi, ardhi na maliasili aliziacha nje) upite, usikae wiki nzima hapo. Modeli ya vipengele maalumu, ile ambayo mtaji umekwama kwenye sekta yake hautoki, isome kwa makini kuliko watu wanavyoisoma, maana hiyo ndio inayoelezea kelele za muda mfupi, kwanini mwenye kiwanda na mfanyakazi wake wanaweza kwenda pamoja wizarani kupinga ushuru kushushwa wakati kwa Stolper na Samuelson walitakiwa wawe maadui.

Sera za biashara ndio sehemu ninayoipenda, na ndio yenye maksi rahisi zaidi kwenye mtihani kama unajua kupiga trapeza. Tufanye mchele, namba nimetunga za mazoezi. Bei ni elfu za shilingi kwa kilo, kiasi ni maelfu ya tani. Mahitaji ni 120 − 20P, uzalishaji wa ndani ni 20P. Bila biashara bei ni 3 na kiasi ni 60. Bei ya dunia ni 2, nchi ni ndogo haiwezi kuisogeza. Mpaka ukiwa wazi watu wanakula 80, wakulima wanatoa 40, unaagiza 40. Serikali ikiweka ushuru wa 25% bei ya ndani inakuwa 2.5, watu wanakula 70, wakulima wanatoa 50, unaagiza 20.

Hesabu sasa. Mlaji anapoteza 0.5 mara wastani wa 80 na 70, yaani 37.5. Mkulima anapata 0.5 mara wastani wa 40 na 50, yaani 22.5. Serikali inakusanya 0.5 mara 20, yaani 10. Jumlisha 22.5 na 10 utoe 37.5, unabaki na hasi 5. Hizo 5 ni pembetatu mbili za 2.5, moja ya kulima mchele kwa gharama kubwa kuliko kuununua, nyingine ya watu walioacha kula mchele ambao wangeulipia zaidi ya bei yake ya dunia. Ukishapata namba zote mbili kwa njia mbili na zikakubaliana, hapo umejihakikisha mwenyewe. Na andika kipimo! Elfu za shilingi kwa kilo mara maelfu ya tani ni bilioni za shilingi, kwa hiyo mlaji kapoteza bilioni 37.5. Watu wengi wanaacha namba uchi.

Mtego wenyewe sasa. Kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki mchele uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, 75% au dola 345 kwa tani, inachukuliwa iliyo kubwa. Lecha anaweza kukwambia kwa namba zilezile weka 75%. Mtu anakimbilia kuzidisha, 2 mara 1.75 ni 3.5, anaweka bei 3.5 anaanza kuhesabu mapato ya serikali. Simama. Bei bila biashara ni 3. Kwenye 3 wakulima wanatosheleza soko lote, bei haiwezi kufika 3.5 kwasababu kwenye 3.5 kuna mchele wa ndani unaobaki hauna mnunuzi. Bei inaishia 3, hakuna kinachoagizwa, serikali inapata sifuri. Mlaji anapoteza 70, mkulima anapata 50, nchi inapoteza 20. Ushuru umekuwa mkubwa mpaka umejiua wenyewe.

Hapo unaweza kuongeza kitu cha kweli kidogo: Kenya kwa muda mrefu imekuwa ikiruhusiwa kutoza mchele 35% badala ya 75%, na inaleta mchele mwingi kutoka Pakistan. Mkulima wa Kyela au wa Shinyanga anayetaka kuuza Nairobi analiona hilo kwa jicho moja, mama ntilie wa Nairobi kwa jicho lingine, na wewe kazi yako kwenye karatasi ni kuonyesha yupi anapata eneo gani la grafu, sio kuchagua timu.

Kota ni grafu hiyohiyo. Ukiruhusu tani 20 tu (elfu 20 kwa vipimo vyetu) bei inafika 2.5 vilevile, tofauti ni ile 10 ambayo ilikuwa ya serikali sasa inaenda kwa mwenye kibali cha kuagiza. Ukielewa hilo utaelewa kwanini vibali vya kuagiza sukari vinagombaniwa kila msimu. Ukiulizwa tofauti ya ushuru na kota usianze na "kota ni kiasi na ushuru ni kodi", anza na ile 10 imeenda mfukoni kwa nani, halafu sema mahitaji yakiongezeka mwakani kwenye ushuru utaagiza zaidi, kwenye kota bei itapanda.

Kuna ushuru wa asilimia na kuna wa kwa kilo, jifunze kubadilisha mmoja kwenda mwingine. Rwanda mwaka 2016 walipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo. Ukichukua belo la kilo 45 hiyo ni kutoka dola 9 mpaka dola 112.5. Ni ileile iwe belo la daraja la kwanza au la tatu, kwa hiyo ukiipeleka kwenye asilimia mzigo wa bei ya chini unabeba asilimia kubwa zaidi, na anayevaa daraja la tatu unamjua. Marekani wakajibu, 2018 wakaisimamisha Rwanda kuingiza nguo bila ushuru kwa mpango wa AGOA, ule wa Marekani kwa bidhaa za Afrika. Kesi hii moja inakupa ushuru wa kilo, ulinzi wa kiwanda kichanga na kulipizana, ibebe kwenye mtihani.

Usisahau ushuru wa kusafirisha nje, vitabu vingi vinaupa nusu ukurasa maana vimeandikwa kwenye nchi ambazo hazina. Sisi tunao, korosho ghafi ya Mtwara na Lindi ndio mfano wa kwanza. Grafu inageuka: bei ya ndani inashuka chini ya bei ya dunia, mkulima anapoteza, mbanguaji wa ndani ananunua rahisi, serikali inapata, na pembetatu mbili zinabaki palepale. Halafu jiulize kama Tanzania ni nchi ndogo kwenye korosho, maana mavuno ya huku yanaanza Oktoba wakati Afrika Magharibi wanavuna kuanzia kama Februari, na kama wanunuzi wa India na Vietnam kwa miezi hiyo hawana pengine pengi pa kwenda basi sehemu ya ushuru wanaubeba wao. Swali la namna hiyo ukiliuliza mwenyewe kwenye jibu lako lecha anakaa vizuri kwenye kiti. Karafuu ya Zanzibar nayo, mnunuzi wa kisheria ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hapo chora soko la mnunuzi mmoja, na magendo ya kutoka Pemba kwenda Mombasa yatajieleza yenyewe kwenye tofauti ya bei.

Ushirika wa forodha, yaani nchi kuondoleana ushuru na kuwatoza wa nje ushuru mmoja, unaulizwa karibu kila mwaka na watu wanaandika historia ya EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki). Hakuna aliyekuuliza historia. Shika mtu mmoja, Viner, 1950, na maneno mawili, kuzalisha biashara na kuhamisha biashara. Sabuni ndani inagharimu 100, jirani 80, nchi ya mbali 60. Ushuru ukiwa 50% kwa wote, ya jirani inafika 120, ya mbali 90, unanunua ya mbali. Ukiungana na jirani ya kwake inakuwa 80, ya mbali imebaki 90, unahamia kwa jirani. Mlaji kapunguziwa 10 lakini serikali imepoteza 30 kila sabuni, nchi kwa ujumla imenunua kwa 80 kitu kilichokuwa kinapatikana kwa 60. Huko ni kuhamisha. Sasa badilisha ushuru tu uwe 100%: ya mbali 120, ya jirani 160, unatumia ya ndani ya 100. Ukiungana unanunua ya jirani kwa 80, umeokoa 20. Huko ni kuzalisha. Gharama ni zilezile, umoja ni uleule, jibu limegeuka kwasababu ya ushuru uliokuwepo kabla. Kwa hiyo akikuuliza kama Kongo kuingia EAC 2022 kuna faida, usikurupuke na ndio au hapana, uliza kwanza walikuwa wananunua wapi na kwa ushuru gani.

Zile modeli mpya nitapita haraka, kwenye digrii ya kwanza haziendi ndani sana. Krugman 1979, viwanda vinavyozidi kuwa rahisi kadiri vinavyozalisha zaidi, na watu wanaopenda aina nyingi. Kwenye modeli ya darasani idadi ya viwanda inakwenda na kipeuo cha pili cha ukubwa wa soko, kwa hiyo nchi mbili zinazofanana zenye viwanda 10 kila moja zikiungana hazibaki na 20, zinabaki na kama 14. Mlaji anachagua kwenye 14 badala ya 10, bei imeshuka, ila viwanda 6 vimefungwa. Watu wanasahau hao sita. Melitz 2003 anakwambia sita gani, wale dhaifu, na kwamba kuuza nje kuna gharama ya kuingia ambayo hailingani na wingi wa mzigo: vyeti, vipimo vya ubora, kutafuta wakala Kigali au Lubumbashi. Nauli ya lori unalipa kwa tani, cheti unalipa kimoja uwe na katoni kumi au elfu kumi, ndio maana wadogo hawavuki mpaka.

Kwenye kusoma kwenyewe, mimi sio muumini wa kukesha. Kila wiki chora grafu za wiki hiyo kwa mkono, kubwa, ukurasa mzima, halafu funga daftari uchore tena bila kuangalia. Grafu unayoiona kwenye slaidi inaonekana rahisi mpaka uambiwe uichore mwenyewe, hapo ndio unagundua hujui bei ya dunia inagusa kevu gani. Kwenye kundi la kusomea msigawane topiki kila mtu akaandike madesa yake mbadilishane, hiyo inatoa watu wanaojua topiki moja kila mmoja. Simamisheni mtu ubaoni mikono mitupu, aeleze grafu moja mwanzo mwisho, wengine kazi yao kuuliza "kwanini". Pasti pepa zipigwe kwa saa, na badilisha namba za lecha utatue tena.

Kwenye mtihani anza kwa kutaja dhana za modeli kwa sentensi moja (nchi mbili, ushindani kamili, nguvukazi haihami), chora, weka majina kwenye mihimili yote, ndio uandike. Grafu bila majina ya mihimili ni mistari tu. Na kila swali la sera lisimalizike mpaka umetaja makundi matatu, mlaji, mzalishaji, serikali, hata kama mmoja wao hajaguswa, sema hajaguswa.

Ukifika kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho na unataka topiki ya huku, data ni za bure. Trade Map ya ITC, WITS ya Benki ya Dunia na Comtrade ya Umoja wa Mataifa, zote unatafuta kwa namba za HS, zile za kimataifa za kupanga bidhaa forodhani: mchele ni 1006, mahindi 1005, karafuu 0907, maua ya kukatwa 0603, mitumba 6309. Ukipiga kipimo cha biashara ya bidhaa zinazofanana, ile 1 toa tofauti ya mauzo na manunuzi gawa kwa jumla yake, mfano unauza 30 unanunua 50 unapata 0.75, kumbuka ukitumia tarakimu mbili utapata namba kubwa ya kupendeza na ukishuka tarakimu sita inaporomoka, kwasababu kwenye tarakimu mbili maua na miche yake vimewekwa kapu moja. Sema kwenye ripoti umetumia tarakimu ngapi na kwanini.

Wengi mtaishia kwenye modeli ya mvutano ya Tinbergen ya 1962, biashara kati ya nchi mbili inaongezeka na uchumi wao na inapungua na umbali. Ni nzuri na inaeleweka, kwa programu ya takwimu, R ya bure inatosha kabisa kama huna Stata. Angalizo mbili. Ukichukua logi, nchi ambazo hazijauziana kitu zinapotea maana logi ya sifuri haipo, na kwa Afrika sifuri ni nyingi mno, ukizifuta umefuta nusu ya stori, tumia njia ya Poisson, inayokubali sifuri, ya Santos Silva na Tenreyro ya 2006. Ya pili, Comtrade ina taarifa ya muuzaji na ya mnunuzi kwa mzigo uleule na mara nyingi hazifanani, mahindi yaliyopita Namanga kwa bodaboda hayako popote, na watafiti wengi wanaanza na taarifa za mnunuzi kwasababu forodha inahesabu kwa makini kile inachokitoza ushuru. Zipakue zote mbili uziweke pembeni kwa pembeni kwenye Excel kabla hujamwandikia supavaiza hata propozo, maana tofauti zikiwa kubwa sana huenda ukagundua topiki yako imebadilika kabla hujaanza.